Soketi ya tela si ya kufungwa tepu

Dereva anayefuata tela usiku haioni pikapu inayoivuta. Mzigo umeziba taa za gari, vumbi limeziba kilichobaki, na yote anayoyajua kuhusu mwenzake wa mbele, kama anapunguza mwendo, anakata kona au amesimama kabisa, anayapata kutoka kwenye balbu chache zilizofungwa nyuma ya tela. Balbu hizo hazina betri zake zenyewe. Umeme wake wote hupita katika kifaa kimoja kidogo kinachokaa chini ya bampa, yaani soketi. Pikapu nyingi zinazovuta tela Afrika Mashariki ni za umri mkubwa: Hilux, Land Cruiser, Isuzu, Peugeot 504 na Land Rover zilizopita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na soketi zake zimezeeka pamoja nazo. Desturi yetu ni kuzifufua. Pini husuguliwa kwa msasa, waya uliokatika husokotwa, tepu nyeusi huzungushwa, kisha safari inaanza. Nasema desturi hiyo ni ya hatari na tena ni ya hasara. Soketi iliyoliwa na kutu inatakiwa itolewe yote, pamoja na kipande cha waya kilichooza nyuma yake na waya wa athi, ikawekwe mpya kwa mpangilio unaojulikana. Na kazi hiyo ihesabiwe kuwa kazi ya usalama, ya daraja moja na kubadilisha pedi za breki.

Tuanze na mahali inapokaa. Hakuna kifaa cha umeme kwenye gari kilichowekwa pabaya kuliko soketi ya tela. Betri ina boneti juu yake, taa zina vioo, lakini soketi iko nyuma ya magurudumu, karibu na ardhi, ikipokea tope la masika na changarawe ya kiangazi, na kwa walioko Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Lamu inapokea pia hewa ya chumvi mwaka mzima. Kifuniko chake kinategemea springi ndogo na mpira, na springi hiyo ndiyo hufa kwanza. Maji yenye chumvi au tope yakishaingia huwa njia ya umeme kati ya pini na pini, na shaba yenye umeme iliyolowa huliwa haraka kuliko ile iliyolala bila kazi. Matokeo ni ule unga wa kijani ambao kila fundi anaujua. Wengi huuona kwenye pini wakadhani uharibifu umeishia hapo. Waya wa gari ni nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja, na unyevu hupanda katikati ya nyuzi hizo, ndani ya plastiki, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa chemli. Chuna plastiki sentimita kadhaa kutoka kwenye soketi na mara nyingi utakuta shaba nyeusi, isiyoshika lehemu wala kubanika vizuri. Ndiyo maana msasa hautoshi, na ndiyo maana hata soketi mpya iliyofungwa kwenye waya uleule mweusi ni kazi ya nusu. Waya ukatwe hadi ifikiwe shaba inayong'aa, hata kama ni nusu mita, na uungwe na waya mpya kutoka hapo.

Mwenye gari atajibu kwamba taa zake zinawaka. Jibu hilo ndilo linalodanganya watu wengi, kwa sababu taa kuwaka na taa kuonekana ni mambo mawili. Balbu ya breki ya kawaida ni ya wati 21, na kwenye gari la volti 12 inakula karibu ampea 1.75, hivyo balbu mbili za tela zinataka ampea 3.5. Tuseme kutu kwenye pini imeweka ukinzani wa omu moja tu, kiasi ambacho hakiwezi kuonekana kwa macho. Omu hiyo moja inatosha kuzipunguzia balbu umeme kutoka volti 12 hadi kama volti 9. Mtu anaweza kudhani kwamba robo ya umeme ikipotea, robo ya mwanga ndiyo itakayopotea. Sivyo balbu ya waya mwembamba inavyofanya kazi: mwanga wake hushuka kwa kasi zaidi kuliko volti, na kwa volti 9 balbu haitoi hata nusu ya mwanga wake. Anayeitazama akiwa amesimama hatua tatu nyuma ya tela uani ataona wekundu na kusema ipo sawa. Anayeitazama kutoka mita mia, taa za gari linalokuja zikimpiga usoni, hataona kitu. Umeme uliopotea nao haukwenda bure. Umegeuka joto ndani ya soketi, na joto hilo huchoma plastiki, hulegeza pini na kuongeza ukinzani uleule uliolizaa. Soketi mbovu hujiua yenyewe, na hufanya hivyo pale taa zinapokuwa zimetumika kwa muda mrefu, yaani usiku.

Ila pini moja ndiyo inayobeba dhambi za nyingine zote, nayo ni ya athi, ile inayorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari. Umeme wa taa zote za tela hupitia humo kwa pamoja wakati wa kurudi. Kwa sababu hiyo, athi mbovu haizimi taa moja kama balbu iliyoungua, huzivuruga zote kwa mara moja, na kwa namna inayomchanganya hata fundi mzoefu. Umeme uliokosa njia yake halali hutafuta nyingine: hupita kwenye taa ndogo, ukarudi kupitia waya wa breki au wa indiketa hadi kwenye balbu za pikapu, na humo ndimo hupata athi. Basi ukiwasha indiketa ya kushoto, taa ndogo zinapepesa pande zote mbili. Ukikanyaga breki usiku, taa za tela zinafifia au zinazimika badala ya kuongezeka. Fikiria maana yake kwa dereva aliye nyuma. Sekunde ileile aliyohitaji kuonywa ndiyo sekunde aliyonyang'anywa hata ule mwanga mdogo aliokuwa akiufuata. Hitilafu hii hutibiwa mara nyingi kwa kubadilisha balbu, kisha fyuzi, kisha swichi ya breki, pesa ikitoka kila mara, ilhali tatizo ni waya mmoja mweupe uliofungwa kwa skrubu yenye kutu kwenye chesisi iliyopakwa rangi.

Wapo wanaosema tela inapata athi yake kwenye chuma inapoungana na gari, kwa hiyo waya wa athi ni anasa. Ni kweli kwamba chuma kinagusana na chuma, na ni kweli kwamba taa zinaweza kuwaka hivyo gari likiwa limesimama. Lakini maungio hayo hupakwa grisi ili yasilike, huota kutu, na huchezacheza katika kila shimo la barabara. Njia ya umeme inayokatika na kurudi mara kadhaa kwa dakika haiwezi kuitwa njia. Athi ya tela inataka waya wake wenyewe, mnene kuliko nyingine. Milimita za mraba 2.5 zinafaa pale ambapo nyaya za taa zinatosheka na 1.5, nao ufungwe kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi hadi chuma cheupe, kwa boliti na kipete cha waya kilichobanwa, kisha mahali hapo pafunikwe kwa grisi au rangi ili unyevu usirudi. Sehemu hii ya kazi huchukua dakika chache tu, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la pesa, na sitaki kulipita juu juu. Mwenye pikapu ya zamani si tajiri aliyeamua kuwa mzembe. Ni mfugaji anayepeleka ng'ombe mnadani, fundi anayevuta mashine ya zege, mvuvi mwenye mashua, muuza maji mwenye tangi la magurudumu mawili. Kila shilingi ina mahali pa kwenda. Hata hivyo hesabu yenyewe inamwelekea mwenye kubadilisha. Soketi, plagi, mita kadhaa za waya, vipete na fyuzi kwa pamoja havifikii bei ya tairi moja ya hiyo pikapu, na vikifungwa vizuri hukaa miaka. Ukarabati wa tepu huonekana bure kwa sababu malipo yake yametawanyika: balbu hapa, fyuzi pale, siku ya kazi iliyopotea barabarani, faini ya trafiki, na mazungumzo marefu na askari. Fundi mwaminifu huwa anamwambia mteja hivyo. Mteja ndiye mwenye kusema, fanya itufikishe leo.

Pingamizi jingine linasema, mimi husafiri mchana tu, na tela yangu ina riflekta. Riflekta ni lazima, na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka tela iwe na riflekta nyekundu za pembetatu nyuma, umbo linalomjulisha mtu kwamba aliyoifikia ni tela. Lakini riflekta ina kazi moja tu: kusema kuna kitu hapa, na huisema pale tu taa za mwingine zinapoimulika. Haiwezi kusema ninasimama. Haiwezi kusema ninaingia kulia. Mchana ndio ambapo riflekta haina faida kubwa, na breki na indiketa zinahitajika mchana kama usiku. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, hivyo nusu sekunde ya kusitasita kwa dereva wa nyuma, akijiuliza kama tela ile inapunguza mwendo au ni macho yake, ni mita 11. Tena kwetu karibu na ikweta jioni haina subira. Jua likizama, giza huingia kabla ya nusu saa kupita, na aliyetoka shamba saa kumi na moja akiwa na nia ya kufika kabla ya giza hupatwa na giza njiani kwa pancha moja tu. Mpango wa kusafiri mchana ni mzuri. Si mbadala wa taa.

Wengine wamehamia taa za LED na kudhani wameikimbia soketi. Hapa nakubali nusu ya hoja. LED zinakula umeme kidogo sana, kwa hiyo ukinzani wa pini hauzipunguzii mwanga kama unavyofanya kwa balbu, na huwaka haraka zaidi kwa kama sehemu mbili za kumi za sekunde, jambo linalompa dereva wa nyuma mita nne hivi za ziada katika mwendo wa kilomita 80. Mwenye uwezo aziweke. Lakini pini iliyokatika imekatika, iwe mbele yake kuna balbu au LED, na athi mbovu itavuruga zote. Pia pikapu ya zamani ina flasha iliyotengenezwa kwa mzigo wa balbu za wati 21, na ikikutana na mzigo tofauti hubadili mwendo wa kupepesa au hukataa kupepesa kabisa. LED ni nyongeza juu ya kazi iliyofanywa vizuri.

Kuhusu kazi yenyewe, jambo ninalolitetea kwa nguvu kuliko yote ni mpangilio wa nyaya. Soketi ya duara yenye pini saba ya volti 12 ina utaratibu wake wa kimataifa, unaojulikana kama ISO 1724. Pini ya kwanza, waya wa manjano, ni indiketa ya kushoto. Ya pili, bluu, ni taa ya ukungu ya nyuma. Ya tatu, nyeupe, ni athi. Ya nne, kijani, ni indiketa ya kulia. Ya tano, kahawia, ni taa ndogo ya kulia, ya sita, nyekundu, ni breki, na ya saba, nyeusi, ni taa ndogo ya kushoto. Katika gereji nyingi utaratibu huu haufuatwi. Fundi huunganisha kwa rangi alizonazo, hujaribu mpaka taa zikubali, na mpangilio huo hubaki siri kati ya gari hilo na tela hiyo. Ubaya wake huonekana siku tela inapoazimwa au kukodishwa, na tela kwetu huazimwa na kukodishwa kila siku. Pikapu ya mwingine inaunganishwa, dereva anawasha kulia, tela inapepesa kushoto, na pikipiki iliyokuwa ikijiandaa kupita inaamini ilichokiona. Hapo hakuna kilichoharibika wala kilichoungua. Kila waya unapitisha umeme. Uongo umefungwa ndani ya soketi na mtu aliyedhani rangi ya waya ni mapambo.

Rangi nazo hazitoshi peke yake kwa tela iliyotoka mbali. Mfumo wa plagi bapa ya nyaya nne wa Marekani unatumia nyeupe kwa athi, kahawia kwa taa ndogo, manjano kwa kushoto na kijani kwa kulia, kiasi kwamba ukiutazama juu juu utasema ni ndugu wa ule wa pini saba. Tofauti ni kubwa: kwao manjano na kijani hubeba breki na indiketa kwa waya mmoja, wakati Hilux au Isuzu yenye indiketa za rangi ya chungwa ina waya wa breki peke yake. Kuziunganisha kunahitaji kifaa cha kubadilishia kati yake, wala si kusokota nyekundu pamoja na manjano. Vilevile malori mengi ni ya volti 24, na baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli pia. Balbu za volti 24 kwenye pikapu ya volti 12 zitakuwa hafifu, na za volti 12 kwenye gari la volti 24 zitaungua papo hapo. Fundi apime kwa mita kabla ya kukata waya wa kwanza.

Uungaji nao una adabu yake. Vile vibanio vya plastiki vinavyotoboa waya wa gari ili kuchota umeme ni vya haraka, ila hukata baadhi ya nyuzi na kuacha tundu la kupitishia maji, na miezi michache baadaye taa za pikapu yenyewe huanza kusumbua. Waya ubanwe kwa koleo linalofaa na kipete cha ukubwa wake, ufunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani, ufungwe kwenye chesisi usicheze. Pini zipakwe grisi ya umeme. Tela ipewe fyuzi yake, na kwa gari la zamani iwe pia na rilei, kwa sababu swichi ya breki iliyotengenezwa kwa balbu mbili sasa inabebeshwa nne, ampea 7 badala ya 3.5. Bila fyuzi ya pekee, waya mmoja wa tela ukigusa chuma unaweza kuzima taa za nyuma za pikapu nazo, na hapo gari lote limepotea gizani. Wenye mashua wachomoe plagi kabla ya kurudi nyuma majini, maana balbu ya moto ikiguswa na maji baridi hupasuka.

Kwa nini basi jambo dogo hivi, lenye suluhisho linalojulikana, limekuwa sugu? Naona sababu ni kwamba soketi haina mwenyewe. Gari lina namba yake ya usajili na tela ina yake, na ni rahisi kila kimoja kikatazamwa peke yake. Pikapu ikikaguliwa bila tela, taa zake ni nzima. Tela ikitazamwa imeegeshwa, balbu zake zipo. Kilicho kati yake hakitazamwi na mtu, na hicho ndicho kibovu. Mkaguzi asiipitishe pikapu yenye chombo cha kuvutia tela mpaka soketi yake imepimwa pini kwa pini, kazi ya dakika mbili kwa kifaa kidogo cha kupimia chenye taa. Askari anayesimamisha gari lenye tela aagize dereva akanyage breki na kuwasha indiketa zote mbili, naye akiwa amesimama nyuma, badala ya kuridhika na stika. Vyuo vya ufundi, VETA kwa Tanzania na vyuo vya aina hiyo Kenya na Uganda, vifundishe mpangilio wa pini saba kama vinavyofundisha mpangilio wa plagi za injini, na mwenye duka la spea anayeuza soketi abandike karatasi yenye mchoro wake ukutani. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya au bajeti ya serikali.

Ukiwa na pikapu ya zamani na tela, fungua kifuniko cha soketi leo kabla jua halijazama. Ukikuta kijani, usitafute msasa. Mwambie fundi akate hadi kwenye shaba safi, aweke soketi mpya na athi yake, kisha usimlipe mpaka mtu amesimama nyuma ya tela na kukutajia kwa sauti kila taa unayoiwasha.